Timu ya Vijana Inakua, au Tumeshinda Tu?

Jumamosi ile tulishinda mechi ya kikapu kwa pointi mbili, na ubishi ulianza kabla vijana hawajamaliza kuvua viatu.

Nasema "tulishinda" ingawa mimi si mchezaji wala kocha. Kazi yangu pale uwanjani ni kushika daftari: nani kafunga, nani kacheza faulo, mpira umepotea mikononi mwa nani. Uwanja wenyewe ni wa saruji, na mstari wa pointi tatu umefutika kiasi kwamba refa huubashiri zaidi kuliko anavyouona. Ringi ya upande wa barabarani imelegea kwa mbele. Wageni huilalamikia sana, wakisahau kwamba baada ya mapumziko timu hubadilishana magoli, kwa hiyo ringi ile inawadhulumu wote sawasawa.

Kutoka uwanjani tukahamia kijiweni kwetu hapa Tabora, kwenye kahawa chini ya mwembe. Maneno yakakolea. Mzee mmoja aliyecheza kikapu enzi zake, ambaye sote tunamwita Mzee Senta, akasema timu hii haijabadilika hata chembe: mwaka jana ilishinda mechi za kubahatisha, mwaka huu inashinda mechi za kubahatisha, na ikikutana na watu wa Mwanza itafungwa kama ada. Kijana wa bodaboda asiyekosa mechi hata moja akaruka. "Mzee wangu, mwaka jana hawa hawa walitufunga pointi ishirini na kitu. Leo tumewafunga sisi. Sasa kukua kukoje tena?" Mwalimu mmoja wa hesabu, aliyekuwa akipuliza kahawa yake taratibu, akauliza swali moja tu: "Yule mrefu wao leo alikuwepo?"

Hakuwepo. Alikuwa amerudi kijijini kwa msiba.

Ubishi huu naukuta kila msimu, na nadhani najua kwa nini hauishi. Watu hawa watatu wanatumia neno moja kwa mambo ambayo hayafanani. Kwa Mzee Senta, kukua ni kuweza kusimama mbele ya wakubwa. Kwa kijana wa bodaboda ni matokeo ya leo kuyazidi ya jana. Mwalimu anatafuta kitu kilicho kigumu zaidi kukishika: uwezo ulio wa timu yenyewe, usiotegemea nani kaja na nani hakuja. Kila mmoja ana ukweli wake mkononi, na ndiyo maana hakuna anayekubali kushindwa.

Ushindi unajua kudanganya

Katika mashindano mengi ya kikapu ukishinda unaandikiwa pointi mbili kwenye msimamo, ukifungwa moja, ilimradi umetokea uwanjani. Ushinde kwa pointi moja au kwa thelathini, unachoandikiwa ni kile kile. Msimamo haukumbuki kwamba mpira wa mwisho ulizunguka kwenye ringi mara mbili ndipo ukaamua kuingia.

Chukua sarafu ya shilingi 100, ile yenye Mwalimu Nyerere upande mmoja na swala upande wa pili. Irushe mara kumi. Uwezekano wa Mwalimu kutokea juu mara saba au zaidi ni kama asilimia 17. Sasa badala ya sarafu weka timu isiyo bora wala duni kuliko wapinzani wake, icheze mechi kumi. Katika kila timu sita za namna hiyo, moja hivi itamaliza na ushindi wa mechi saba au zaidi, mashabiki wake watachinja mbuzi, na kocha ataitwa fundi. Mwaka unaofuata itashinda tano, na watu wataanza kuuliza nani kaiharibu timu. Hakuna aliyeiharibu.

Ndiyo sababu wanaohesabu mchezo huu kwa makini hutazama tofauti ya pointi kabla ya kutazama idadi ya ushindi. Wazo hili lilianzia kwenye besiboli kwa Mmarekani Bill James, kisha Daryl Morey akalileta kwenye kikapu: jumla ya pointi ulizofunga na ulizofungwa hueleza nguvu yako, na hata mwelekeo wako, vizuri kuliko mechi ulizoshinda. Katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ambako kila timu hucheza mechi 82, kanuni ya haraka haraka ni kwamba anayefunga na kufungwa sawa atashinda kama mechi 41, na kila pointi moja ya wastani juu ya hapo huongeza ushindi kama miwili na nusu hivi.

Mfano mzuri ni Oklahoma City Thunder, na kwetu si timu ya mbali sana, maana Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliwahi kuvaa jezi yake kati ya 2012 na 2014. Msimu wa 2021–22, miaka kadhaa baada ya Thabeet kuondoka, ilikuwa timu ya watoto watupu. Ilishinda mechi 24 na kupoteza 58. Tarehe 2 Desemba 2021 ilifungwa na Memphis 152 kwa 79, tofauti ya pointi 73, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika historia ya NBA. Ungekuwa kijiweni kwetu asubuhi ya pili yake, ungekuwa na jeuri ya kusema hawa vijana wanakua?

Msimu uliofuata walishinda 40 na kupoteza 42. Ukitazama msimamo unaona timu ya kawaida, tena chini kidogo ya nusu. Lakini kwa wastani walikuwa wamefunga zaidi ya walivyofungwa, kwa pointi moja na ushee. Timu iliyoshindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda ilikuwa, kwa hesabu ya pointi, tayari imevuka mstari. Msimu wa 2023–24 ikashinda 57. Wa 2024–25 ikashinda 68, ikamaliza na wastani wa tofauti ya pointi 12.9, rekodi ya ligi nzima, na kutwaa ubingwa kwa kuifunga Indiana katika mechi ya saba ya fainali.

Kuhusu zile pointi 73: Shai Gilgeous-Alexander, nyota wa Thunder, hakucheza usiku ule. Mwalimu wa hesabu angeuliza hilo kwanza. Lakini na Memphis nao walicheza bila nyota wao, Ja Morant, kwa hiyo hata swali lake halimalizi kila kitu.

Tofauti ya pointi nayo ina ujanja wake. Ukiongoza kwa ishirini na tano, kocha mwenye huruma anawaingiza wale wadogo wa mwisho wa benchi, pengo linapungua, na kwenye karatasi unaonekana umeshinda kwa kumi na mbili. Mimi sasa napiga mstari kwenye daftari pale kocha anapobadilisha wote watano kwa mpigo. Yanayofuata chini ya mstari huo nayasoma kwa jicho moja.

Hesabu zamu, usihesabu dakika

Kuna kosa ambalo hata watu wazoefu hulifanya. "Mwaka jana tulikuwa tunafunga arobaini na saba, sasa tunafunga hamsini na saba. Safu ya ushambuliaji imekua." Pengine. Au pengine vijana wameanza tu kukimbia.

Mechi ya kikapu inagawanywa kwa zamu. Wewe unashambulia, mnafunga au mnapoteza, kisha ni zamu yao. Kila upande hupata zamu karibu sawa, kwa hiyo la kuuliza ni pointi ngapi zinatoka katika kila zamu, haidhuru zamu zilikuwa nyingi au chache. Kuzipata hakuhitaji kompyuta. Chukua mitupo yote iliyojaribiwa, toa ribaundi, yaani mipira iliyokosa mkaidaka tena chini ya ringi ya wapinzani, maana hizo zinarefusha zamu ile ile, ongeza mipira mliyopoteza, kisha ongeza mitupo huru, ile ya baada ya faulo, ikiwa imezidishwa kwa 0.44. Ile 0.44 huwashangaza watu. Inatokana na kwamba mitupo huru mara nyingi huja miwili kwa zamu moja, na mara nyingine huja mmoja wa nyongeza baada ya kikapu kuhesabiwa, kwa hiyo kila mtupo ni chini kidogo ya nusu ya zamu.

Mfano wa kutunga: timu imetupa mara 60, imechukua ribaundi 12 za kushambulia, imepoteza mipira 22, imepiga mitupo huru 18. Hiyo ni kama zamu 78. Kama imefunga pointi 47, kila zamu imezaa pointi 0.60. Mwaka unaofuata timu hiyo hiyo inafunga 57, lakini kwa kukimbia imejipatia zamu 96. Gawanya: 0.59. Pointi kumi zimeongezeka, na ushambuliaji uko pale pale ulipokuwa. Kilichoongezeka ni pumzi. Sidharau pumzi, ila siyo kitu kile kile tulichokuwa tunakibishania.

Mmarekani mwingine, Dean Oliver, aliyachambua yanayoamua mechi akabaki na manne: ubora wa mitupo, kutopoteza mpira, ribaundi, na kufika kwenye mstari wa mitupo huru. Kwa uzito aliyakadiria hivi: 40, 25, 20 na 15 kwa mia. Hizo ni hesabu za wanaume wazima wanaolipwa mamilioni. Kwa vijana wa miaka kumi na sita kwenye saruji mimi ningepangua, kupoteza mpira kukae mwanzo. Timu ya vijana haifi kwa kukosa mitupo. Inakufa kwa zamu ambazo hazikufika hata kwenye mtupo.

Yule gadi na pasi yake

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo nilipobadilisha mawazo yangu mwenyewe.

Gadi wetu, yule anayeupandisha mpira, yuko kidato cha tatu. Mwaka jana wapinzani walikuwa wameshamsoma: wakibana uwanja mzima, presi kama vijana wanavyoita, anaudunda mpira hadi kona, anausimamisha, anaukumbatia kwa mikono miwili na kuwapa mgongo. Hapo mchezo umekwisha. Wawili wanamfunika, refa anahesabu sekunde, mpira unaenda upande wa pili.

Jumamosi ile walimbana tena. Robo ya kwanza, mlinzi wa pili alipoanza tu kumwacha mtu wake ili aje kusaidia kubana, gadi wetu akaachia pasi palepale, ndefu, ya kifua, kwenda katikati ya uwanja ambako mtu alikuwa ameachwa peke yake. Pasi safi. Tatizo ni kwamba yule wa katikati, senta wetu, alikuwa anakimbia huku ametazama mbele, kama alivyozoea mwaka mzima, kwa sababu mwaka mzima mpira haukuwahi kufika pale. Ukampiga begani ukatoka nje. Nikaandika: gadi, kapoteza. Dakika mbili baadaye ikawa vile vile. Hadi mapumziko nilikuwa nimemwandikia minne, na kwa daftari langu alikuwa amecheza vibaya kuliko mwaka jana.

Niliitazama ile karatasi nikaona nimeandika uongo kwa kalamu halali. Kijana alikuwa ameona kitu ambacho mwaka jana hakukiona, na amekiona mapema. Waliochelewa ni wenzake.

Robo ya tatu pasi ile ile ikaenda mahali pale pale, ila safari hii senta akageuza shingo. Akadaka, akapiga hatua mbili, leiapu, akautia ringini kwa karibu. Nikaandika pointi mbili kwa senta. Kwa gadi sikuandika kitu, kwa sababu daftari langu halikuwa na safu ya pasi za mwisho. Kosa lake lilikuwa na safu, akili yake haikuwa nayo. Usiku huo nilichukua rula nikachora safu mpya.

Kwa hiyo kuna aina ya kukua inayoanza kwa kuonekana kama kuharibika. Mchezaji mmoja anatangulia kuelewa, wenzake wanabaki nyuma, na kwa wiki kadhaa makosa yanaongezeka. Ndivyo ilivyo pia kocha anapowalazimisha vijana kumalizia kwa mkono wa kushoto wakiwa upande wa kushoto. Kwa mwezi mzima watakosa leiapu ambazo mkono wa kulia ungezifunga wakiwa wamefumba macho. Shabiki anashika kichwa. Kocha ananyamaza, na kama ni kocha mzuri anajua analipa deni gani.

Shida ni kwamba kocha mbaya naye ananyamaza vile vile.

Mitupo ishirini haitoshi

Mwezi uliopita winga wetu mmoja aliingiza mitupo nane ya pointi tatu kati ya ishirini kwenye mechi chache mfululizo. Kijiwe kizima kikasema amefungua mkono. Mwalimu wa hesabu alichukua kipande cha karatasi ya kashata akakokotoa. Tuseme uwezo halisi wa kijana ni asilimia 30, asubuhi, mchana na jioni. Katika mitupo ishirini utatarajia sita ziingie. Lakini kwa bahati tupu, bila yeye kukua wala kudumaa, ni kawaida kabisa kuona nne au kuona nane. Nne ni asilimia 20, na kijiwe kingesema amekwisha. Nane ni asilimia 40, na kijiwe kinasema ni wa Marekani. Mtu ni yule yule.

Hapa naona watu wengi hupotea kwa nia njema. Tunapenda kutazama mitupo kwa sababu ndiyo inayopigiwa makofi, kumbe ndiyo inayochelewa kuliko vyote kusema ukweli. Vitu vinavyojirudia mara nyingi katika mechi moja husema mapema: mpira unapotezwa mara ngapi, walinzi wangapi wanageuka kumzuia mtu wao mtupo unapokwenda hewani, wangapi wanarudi nyuma kwa mbio mpira ukipotea. Mitupo huru nayo ni shahidi mzuri, kwa kuwa haina mlinzi wala upepo wa mpinzani. Mita 4.60 hadi kwenye ubao, wewe na ringi. Ila nayo uikusanye kwa msimu mzima, usiikusanye kwa Jumamosi moja.

Urefu, mitihani, na timu isiyo ile ile

Kwa vijana kuna jambo ambalo ligi za wakubwa hazina kwa kiwango hiki: mwili unakua wenyewe, kocha awepo asiwepo. Kijana aliyeondoka likizo akiwa saizi ya kati anarudi anainama mlangoni. Ribaundi zinaongezeka, timu inashinda, na mwalimu wa michezo anapongezwa kwa kazi iliyofanywa na ugali na maharage.

Urefu unatosha kwenye ngazi moja na unaweza usitoshe kwenye ngazi inayofuata. Thabeet mwenyewe, mwenye mita 2.21, alitawala chini ya ringi akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis wakamchagua wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. James Harden alichaguliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba, na wote wawili walikuja kuwa nyota wakubwa. Ndani ya msimu wake wa kwanza Memphis wakamshusha kwenda kucheza ligi ya maendeleo. Mimi simcheki hata kidogo. Kufika pale kwa kijana kutoka Dar es Salaam ni jambo ambalo hakuna mwingine wa kwetu aliyekuwa amelifanya. Ninachokiona ni jinsi hata wataalamu wanaolipwa walivyoshindwa kutenganisha kilichotokana na kimo na kilichotokana na mchezo.

Halafu kuna kalenda ya shule. Mashindano ya UMISSETA huchezwa na wanafunzi, na wanafunzi huondoka. Kidato cha sita wanamaliza mitihani Mei, cha nne wanaingia chumba cha mtihani Novemba. Timu tunayoita "yetu" mwaka huu imebakiza pengine watano wa mwaka jana. Tukilinganisha timu ya mwaka jana na ya mwaka huu, tunalinganisha jezi. Na wapinzani nao ni vile vile: huenda hatukupanda sisi, wao ndio waliomaliza shule. Nikitaka kujua kama kuna kukua, nawafuata wale watano waliobaki, mmoja mmoja, nikiuliza nini wanafanya leo ambacho mwaka jana hawakuweza. Jezi naiacha.

Detroit Pistons ni kisa cha kuchanganya zaidi. Msimu wa 2023–24 timu hii changa ilipoteza mechi 28 mfululizo na kumaliza na ushindi 14 tu. Msimu uliofuata ikashinda 44. Vijana wake, wakiongozwa na Cade Cunningham, walikuwa wengi wao wale wale. Basi walikua? Walikua, ndiyo. Lakini klabu ilikuwa pia imebadilisha kocha na kuleta wakongwe wanaojua kutupa kutoka mbali, kina Tobias Harris na Malik Beasley. Uwanja ukapanuka, na Cunningham akapata nafasi ya kupita ambayo hakuwa nayo. Kiasi gani ni cha vijana na kiasi gani ni cha wazee waliokuja? Nimelibishania hili hadi kahawa ikaisha kwenye birika, na sijapata mtu wa kunigawia vizuri.

Mvumilivu na mwembe wake

Wanaotetea timu changa husema mvumilivu hula mbivu. Sawa, lakini anayesubiri chini ya mwembe walau ameona maua.

Milwaukee, nao wa NBA, walishinda mechi 15 msimu wa 2013–14, ule aliofika Giannis Antetokounmpo, aliyekuja kuwa nyota wao. Uliofuata wakashinda 41. Kijiwe chochote kingesema wameshapaa. Kisha wakaanguka hadi 33. Halafu 42, 44, na msimu wa 2018–19 wakafika 60. Ubingwa wakauchukua 2021. Aliyewakatia tamaa kwenye ile 33 alikosea. Phoenix nao walitoka ushindi 25 hadi 48 katika msimu mmoja, 2013–14, wakashangiliwa kama taifa jipya. Baada ya hapo: 39, 23, 24, 21, 19. Aliyewavumilia alivumilia shimo. Na Philadelphia waliamua kwa makusudi kuwa wabovu ili wapate kuchagua vijana bora: 19, 18, 10, kisha 28, kisha 52. Pale kwenye 10, mtu angejuaje yuko katikati ya mpango au katikati ya uharibifu?

Kwa idadi ya ushindi peke yake, asingejua. Milwaukee ya 33 na Phoenix ya 39 zinafanana kwenye msimamo, tena Phoenix iko juu. Kinachotenganisha ni nani anaifanya kazi na ana umri gani. Mchezaji wa kikapu kwa kawaida hufika kileleni kati ya miaka 25 na 28 hivi. Antetokounmpo msimu ule wa kuanguka alikuwa na miaka 21, na kila mwaka alikuwa akiongeza kitu kipya. Timu inayoshinda kwa jasho la walio kileleni tayari ina pa kushuka tu.

Mimi basi nikilazimishwa kujibu kuhusu timu yetu, nasema hivi: ndiyo, inakua, ila siyo kwa sababu tulishinda Jumamosi. Ushindi ule nauweka pembeni, mrefu wao hakuwepo na pointi mbili ni upepo. Naegemea ile pasi ya robo ya kwanza iliyotoka nje, na shingo ya senta iliyogeuka robo ya tatu. Mzee Senta alipolisikia hilo alicheka hadi akakohoa. "Kwa hiyo mpira uliotoka nje ndio ushahidi wako?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Ushahidi unaoutafuta baada ya mechi utaupata tu, wa upande wowote unaoutaka. Nikamwambia basi tuandike kabla. Marudiano ni Jumamosi ijayo, ugenini, na mrefu wao amesharudi. Kila mmoja aseme akiona nini atakubali kwamba amekosea.

Kijana wa bodaboda akawa wa kwanza: "Wakitufunga zaidi ya kumi na tano, nanyamaza mwezi mzima." Mwalimu akasema yeye pointi hazimhusu, anataka mipira iliyopotea wakati wa presi ihesabiwe peke yake, na ikizidi kumi, gadi bado. Mimi nikaandika kuhusu senta na shingo yake: angalau mara tano awe ametazama nyuma kabla pasi haijaachiwa. Mzee Senta alikataa kalamu. Alisema yeye haandiki, anakumbuka. Tulipomshikilia sana, akaagiza kahawa nyingine, akanyoosha kidole kwenye daftari. "Andika hapo: wakiongoza dakika mbili za mwisho na wasipoteze mpira, namnunulia yule gadi viatu."

Nimeandika, na tarehe nimeweka. Viatu vya gadi ni namba 43.